Aliye mbele mlangoni ndiye mwenyeji

Mwaka jana nilikuwa nikitoka katika zahanati moja jijini Nairobi, dawa mkononi na mawazo mbali. Nikasukuma mlango wa kioo, ile milango inayojifunga yenyewe, nikapita. Mara nikasikia kishindo, kisha kilio cha mtoto. Nyanya mmoja alikuwa akinifuata, mtoto mgongoni, na mlango nilioachilia ulikuwa umempiga begani.

Mtoto hakuumia, alishtuka tu. Nilipoomba msamaha, nyanya alinijibu kwa upole, "Si neno, mwanangu." Upole huo uliniumiza kuliko matusi.

Mpenzi msomaji, je, wewe humshikia nani mlango?

Wengi wetu tulilelewa kwa hodi na karibu. Nyumbani, mlango una mwenyewe. Mgeni hupiga hodi akangoja, mwenyeji naye humwitikia na kumfungulia. Lakini mlango wa benki au wa jumba la orofa kumi hauna wa kukaribisha wala wa kukaribishwa. Ndiyo maana tunaupita kama watu wanaofukuzwa. Maoni yangu ni kwamba katika mlango kama huo, aliye mbele ndiye mwenyeji.

Jambo hili limewahi kuchunguzwa. Mwaka wa 2011, wataalamu wa saikolojia Joseph Santamaria na David Rosenbaum, wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania State nchini Marekani, walichapisha matokeo ya kuwapiga picha za video watu wakipita mlangoni. Walibaini kwamba kadiri anayefuata alivyokuwa karibu, ndivyo aliyetangulia alivyoelekea kumshikia mlango. Wanaofuata wakiwa wawili, alielekea kuushika zaidi kuliko akiwa mmoja. Nao walioshikiwa waliharakisha mwendo.

Kwa maoni ya wataalamu hao, adabu hii ni kupunguziana kazi. Aliyekwisha fungua akiushika mlango kidogo tu, nguvu zinazotumika kwa jumla huwa chache kuliko kila mtu akijifungulia.

Hapo ndipo penye kipimo. Mwenzako akiwa hatua mbili au tatu nyuma, mshikie. Akiwa hatua ishirini, mwache. Ukimngoja utamlazimisha kukimbia, afike akihema na bado adaiwe shukrani. Hapo hujampunguzia kazi, umemwongezea. Lakini mwenye mikongojo, mzigo mzito au mtoto mgongoni, mngoje hata akiwa mbali kidogo, na umwambie asiharakishe.

Namna ya kushika nayo ina adabu yake. Mlango wa kuvuta, uvute, usimame kando, mwenzako atangulie. Wa kusukuma, pita kwanza, uushike ukiwa upande wa pili. Ukisimama kizingitini, utamfanya mwenzako apite chini ya kwapa lako!

Na nia je? Kuna barobaro wa chuoni ambaye akimwona mwanadada mrembo huushika mlango huku akitabasamu hadi magego. Nyuma ya mwanadada akija mfagiaji na ndoo yake, mlango unaachiliwa. Huyo hakuwa akishika mlango, alikuwa akitega ndoano. Hana tofauti na karani anayemfungulia mkubwa wake tu. Wala si aibu kwa dada kumshikia kaka, kwa kuwa mkono wenye mzigo ni mzigo, uwe wa mwanamume au wa mwanamke.

Nawe unayeshikiwa, usipite kama waziri na msafara wake. Sema asante, hata kwa bawabu ambaye kazi yake ni hiyo kutwa nzima.

Kuna mlango mmoja tu wa kuchunga: lango la ploti unakoishi. Usimwachie usiyemjua apite nyuma yako, hasa usiku. Hapo turudie hodi yetu, aseme anamtafuta nani. Kuuliza kwa heshima si ukosefu wa adabu.

Wazazi, watoto hawatajifunza haya kwa kuhubiriwa. Wataiga mkono wa baba na wa mama katika mlango wa duka.

Mimi siku hizi, kabla ya kuuachilia mlango, nageuka nyuma. Ni kugeuka tu, wala hakuchukui dakika. Nyanya yule alisema si neno, lakini mtoto alikuwa analia.