Namba Moja kwa Hali Nzima ya Mtu

Kuanzia mwaka 1987 hadi 2013, mwongozo wa utambuzi wa magonjwa ya akili unaotolewa na chama cha madaktari wa fani hiyo nchini Marekani, yaani DSM, ulikuwa na kipimo kilichofahamika kwa kifupi kama GAF, ambacho kwacho daktari alimpa mgonjwa namba moja, kati ya 1 na 90 mwanzoni na kati ya 1 na 100 tangu toleo la mwaka 1994, kueleza jinsi anavyoyamudu maisha kisaikolojia, kijamii na kikazi. Mizizi yake ni ya zamani zaidi, kwani Lester Luborsky alikwisha kutoa kipimo cha namna hiyo mwaka 1962, nao Jean Endicott na wenzake wakakiunda upya mwaka 1976.

Namba hizo ziligawanywa katika ngazi kumi: waliokuwa juu ya 90 walihesabiwa kuwa wanamudu mambo yao vizuri mno, ilhali 10 kushuka chini ilikuwa ya mtu aliye katika hatari ya kudumu ya kujidhuru au kudhuru wengine, au asiyeweza hata kujiweka safi. Udhaifu ulikuwa katikati, ambako ndiko waliko wagonjwa wengi wa kliniki. Kila ngazi ilichanganya dalili, yaani yale yanayomsumbua mtu moyoni na akilini, na utendaji, yaani yale anayoyaweza kazini, nyumbani na kwa jamaa. Na pale viwili hivyo vilipotofautiana, kanuni iliamuru ichukuliwe namba ya chini. Kwa hiyo mwalimu anayewaza kujiua lakini haachi kuingia darasani, na mtu asiye na mawazo hayo ila hana rafiki wala hadumu kazini, wangeweza wote kupewa 45, ingawa msaada wanaouhitaji haufanani hata kidogo. Namba inayoficha tofauti kubwa kiasi hicho haimfai daktari, sembuse mgonjwa.

Toleo la tano la DSM, la mwaka 2013, lilikiacha kipimo hicho na kuelekeza kwenye dodoso la Shirika la Afya Duniani liitwalo WHODAS 2.0. Dodoso hilo lina maswali 36 kuhusu siku 30 zilizopita, katika nyanja sita: kuelewa na kuwasiliana, kutembea, kujihudumia, kuishi na watu, shughuli za kila siku na kushiriki katika jamii. Anayejibu ni mhusika mwenyewe, au ndugu yake akishindwa, na hakuna swali linalotaja jina la ugonjwa.