Hazina Ikipungua, Nani Atasimamia Haki ya Aliyepigwa?

Sifa njema zote anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake.

Ndugu msomaji, aghalabu tunapozungumzia uadilifu wa mahakama humzungumzia kadhi: elimu yake, uchaji wake na kujiepusha kwake na rushwa. Ni mara chache tunapouliza swali jingine, ambalo mafaqihi wa zamani hawakulidharau: ni nani anayewalipa kadhi na wale wanaofikisha kesi mbele yake, wanalipwa kwa mali ipi, na mali hiyo ikipungua hukumu yake ni nini? Katika makala hii tutalitazama swali hilo kupitia tukio moja lililotokea Marekani mwaka 2011, kisha tutarejea katika vitabu vya fiqhi tuone wanazuoni wetu waliliwekea misingi gani.

Yaliyotokea Topeka

Topeka ni makao makuu ya jimbo la Kansas. Kwa hesabu ya watu ya mwaka 2010 mji huo ulikuwa na wakazi wapatao 127,000. Nchini Marekani kazi ya kuwafikisha wahalifu mahakamani haifanywi na ofisi moja ya taifa zima. Ziko ofisi zaidi ya 2,000 za waendesha mashtaka, na katika majimbo mengi mkuu wa ofisi huchaguliwa kwa kura na watu wa kaunti yake. Fedha zake nazo kwa sehemu kubwa hutoka katika hazina ya kaunti hiyo hiyo, na hazina ya kaunti hutegemea sana kodi ya nyumba na ardhi. Bei za nyumba zilipoporomoka kuanzia mwaka 2007 na 2008, hazina hizo zilipungukiwa, na kila ofisi ikatakiwa kupunguza matumizi.

Kaunti ya Shawnee, ambamo ndimo ulimo mji wa Topeka, ilipunguza bajeti ya mwendesha mashtaka wake kwa asilimia 10. Mwezi wa Septemba 2011 mwendesha mashtaka huyo, Chad Taylor, alitangaza kuwa hataweza tena kushughulikia makosa madogo yanayotendeka ndani ya mji, na kwamba kazi hiyo sasa ni ya mji wenyewe. Miongoni mwa makosa yaliyohesabiwa kuwa madogo ni mume kumpiga mkewe. Wakuu wa mji nao wakajibu kuwa kazi hiyo daima imekuwa ya kaunti, na kwamba mji hauna fedha ya kuwalipa wanasheria wala ya kuwalisha mahabusu.

Wakati wakubwa wakivutana, polisi waliendelea kuwakamata wanaume waliowapiga wake zao. Watu kadhaa waliokamatwa waliachiwa bila kushtakiwa popote, kwa kuwa hapakuwa na ofisi iliyokubali kupokea majalada yao. Tarehe 11 Oktoba 2011 halmashauri ya mji ilipiga kura, 7 dhidi ya 3, kuifuta sheria ndogo ya mji iliyokataza kipigo cha majumbani. Nia haikuwa kuhalalisha kipigo. Sheria ya jimbo ilibaki pale pale ikikikataza. Nia ilikuwa kuuondolea mji uwezo wa kushtaki, ili mwendesha mashtaka wa kaunti asiwe na mahali pa kusukumia mzigo. Siku ya pili yake mwendesha mashtaka alitangaza kuwa ataanza tena kuzipokea kesi hizo, kwa watumishi wachache aliobaki nao.

Topeka haikuwa peke yake. Mwezi wa Aprili 2009, mwendesha mashtaka wa kaunti ya Contra Costa katika jimbo la California alitangaza kuwa kwa upungufu wa bajeti ataacha kushtaki makosa mengi madogo. Kelele za watu zilipozidi na fedha kidogo zilipopatikana, tangazo hilo likaondolewa.

Madhara kwa usalama wa jamii

Huenda msomaji akasema: jambo hilo lilidumu zaidi kidogo ya mwezi mmoja, na makosa yenyewe yaliitwa madogo. Je, lina uzito gani?

Kwanza, kosa dogo linalorudiwa huwa kubwa, na sheria ya Kansas yenyewe inalijua hilo. Kwa sheria hiyo, mtu akihukumiwa kwa kipigo cha majumbani mara ya kwanza ni kosa dogo. Akihukumiwa tena ndani ya miaka 5 adhabu huzidi, na mara ya tatu ndani ya muda huo huwa ni jinai kubwa. Ngazi hiyo haipandiki bila ya hukumu ya kwanza. Mtu aliyeachiwa kwa kukosa mshtaki, akirudi kupiga tena atahesabiwa kuwa ndiyo kwanza anaanza.

Pili, tangu mwaka 1996 sheria ya Marekani yote inamkataza mtu aliyehukumiwa kwa kosa kama hilo kumiliki bunduki. Katazo hilo hufuata hukumu ya mahakama. Kukamatwa na polisi peke yake hakutoshi. Basi pasipo na mshtaki hapana hukumu, na pasipo na hukumu bunduki hubaki nyumbani kwa mpigaji.

Tatu, shahidi hachoki siku moja. Huchoka kidogo kidogo. Ofisi yenye watumishi wachache huahirisha kesi, na kila ahirisho humpa mshtakiwa nafasi ya kumbembeleza au kumtisha mlalamikaji. Mwenye kuathirika hapo ni yule anayeishi chini ya paa moja na mshtakiwa, anayekula kwa mkono wake.

Nne, na hili ndilo zito zaidi, upungufu wa hazina haumgusi kila mtu sawasawa. Tajiri aliyedhulumiwa huweka wakili na mlinzi. Maskini hana ila ofisi ya umma. Tunakumbuka kisa cha mwanamke wa kabila la Makhzum aliyeiba, na jinsi Usama bin Zaid (r.a.) alivyotumwa kumwombea. Mtume (s.a.w.) alikasirika, akaeleza kuwa waliotutangulia waliangamia kwa kumwacha mtukufu aliyeiba na kumwadhibu mnyonge. Dhuluma ya aina hii inaweza kuingia hata pasipo mtu kuombea, pale ambapo mlango wa mashtaka unafungwa kwa wasio na chao tu.

Mafaqihi walisemaje

Imam Abul Hasan al-Mawardi, aliyefariki mwaka 450 Hijria (1058), katika kitabu chake cha Al-Ahkam as-Sultaniyya amezungumzia adhabu za taazir, yaani adhabu ambazo sheria haikuziwekea kipimo maalumu bali imeziacha kwa hakimu. Anaeleza kuwa mtawala anaweza kusamehe taazir ikiwa anaona ndiyo maslahi. Lakini ikiwa ndani yake imo haki ya mja, kama vile kutukanwa au kupigwa, basi zinakutana haki mbili: haki ya aliyepigwa, na haki ya dola ya kurekebisha tabia za watu. Hapo mtawala hana ruhusa ya kuiangusha haki ya aliyepigwa kwa msamaha wake mwenyewe. Ni wajibu wake kumchukulia haki yake. Na aliyepigwa akisamehe, bado mtawala anaweza kuadhibu kwa ajili ya kurekebisha, ingawa wanazuoni wana maelezo tofauti kuhusu msamaha uliotolewa kabla kesi haijamfikia.

Tuzingatie hapa. Ikiwa mtawala hawezi kuiangusha haki hiyo kwa huruma, ambayo ni sifa njema, vipi ataiangusha kwa sababu ya mvutano wa nani atalipa?

Ama kuhusu malipo, al-Mawardi anapotofautisha baina ya muhtasib aliyeteuliwa na mtu anayekataza mabaya kwa kujitolea, anataja tofauti 9. Miongoni mwazo ni kuwa kazi hiyo kwa aliyeteuliwa ni faradhi inayomhusu yeye mwenyewe, na kwa mwengine ni faradhi ya kutoshelezana. Kwamba aliyeteuliwa amewekwa ili watu wapeleke malalamiko kwake. Na kwamba yeye anaruhusiwa kulipwa kutoka Baitul-Mali. Mambo haya yameshikana. Anayelazimika kumsikiliza kila mlalamikaji hawezi kuachwa bila riziki, na anayelipwa riziki hiyo hawezi kumwambia mlalamikaji aende kwengine.

Kabla yake, Kadhi Abu Yusuf, mwanafunzi wa Imam Abu Hanifa, aliyefariki mwaka 182 Hijria (798), aliulizwa na Khalifa Harun ar-Rashid kuhusu mishahara ya makadhi. Katika Kitab al-Kharaj alijibu kuwa walipwe kutoka Baitul-Mali, katika kodi ya ardhi na mapato mengineyo ya dola, na wala si katika sadaka, kwa kuwa Zaka ina wenyewe. Na katika waraka mashuhuri unaonasibishwa na Imam Ali (r.a.) kwa gavana wake Malik al-Ashtar, gavana anatakiwa amtoshelezee kadhi mahitaji yake mpaka asiwahitajie watu.

Hukumu ya hazina iliyopungua

Al-Mawardi hakuiacha hata hali ya upungufu. Anayagawa madai yaliyo juu ya Baitul-Mali mafungu mawili. Fungu la kwanza ni malipo ya kitu kilichopokelewa, kama riziki za askari na bei ya silaha. Haya hulazimika, mali iwepo au isiwepo. Ikiwa haipo huwa ni deni. Fungu la pili ni matumizi ya maslahi na wepesi wa watu. Haya hulazimika mali ikiwepo. Ikikosekana huiondokea Baitul-Mali, na ikiwa madhara yake ni ya wote, huwa faradhi ya kutoshelezana juu ya Waislamu wote mpaka wapatikane watakaoitekeleza. Na mali isipotosha madai yote mawili, hutangulizwa lile ambalo likiachwa huwa deni.

Kwa mtazamo wetu, mshtaki na kadhi wanaotumikia umma wanafanana na askari wa fungu la kwanza, kwani wote ni walinzi wanaolipwa kwa kazi waliyoitoa. Na hata mtu akiwaweka katika fungu la pili, wajibu haupotei, bali huhama kutoka hazinani kwenda mabegani mwa jamii nzima. Katika njia zote mbili hapana nafasi ya kusema kuwa mali imekwisha na haki nayo imekwisha.

Kusamehe si kushindwa

Hata hivyo insafu inatutaka tuseme na upande wa pili. Si kila kosa lisiloshtakiwa huleta ufisadi. Uchunguzi uliofanywa kwa kesi za kaunti ya Suffolk, ulipo mji wa Boston, na kuchapishwa mwaka 2023, ulionyesha kuwa watu walioshikwa kwa makosa madogo yasiyo ya kudhuru mwili, ambao kesi zao zilikuwa za kutazamika huku na huku, walipoachwa bila kushtakiwa walirudia makosa kwa uchache kuliko wenzao walioshtakiwa. Hili haligongani na tuliyoyasema. Huko ofisi ilitazama jalada, ikapima, ikaacha kwa makusudi, na makosa yenyewe hayakuwa ya kupiga mtu. Huo unafanana na msamaha wa taazir. Topeka mlango ulifungwa kabla jalada halijafunguliwa.

Huku kwetu

Afrika Mashariki mpangilio ni tofauti. Kenya ina Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma chini ya Katiba ya 2010, na Tanzania ilitunga Sheria ya Taifa ya Mashtaka mwaka 2008. Fedha zao hupitishwa na Bunge, si na halmashauri ya mji. Lakini maimamu wetu wanaijua hali inayofanana. Mwanamke aliyepigwa huja msikitini au kwa kadhi. Mahakama za kadhi za Kenya na Zanzibar husikiliza ndoa, talaka na mirathi, na jeraha la mwilini si katika mamlaka yao. Kadhi humwelekeza polisi, polisi akimrudisha kwa wazee, na wazee wakimwambia avumilie, basi naye amefanyiwa yale yale ya Topeka, tena bila hata kura kupigwa.

Hitimisho

Suluhu ni jambo jema lenye asili katika dini yetu, lakini suluhu ni haki ya aliyepigwa kuikubali, si njia ya wakubwa ya kupunguza kazi. Kwa hiyo tunawausia maimamu mambo matatu. Mosi, mwenye jeraha asirudishwe nyumbani kabla hajapata matibabu na mahali salama. Pili, asindikizwe kituoni na mtu wa kusema naye, kwani jalada la mnyonge husogea likiwa na anayelifuatilia. Tatu, bajeti inapojadiliwa, Waislamu wasiulizie barabara na visima tu, waulizie pia waendesha mashtaka wangapi wamepangwa katika wilaya yao. Ikiwa hazina imeshindwa na sisi tukanyamaza, faradhi ya kutoshelezana itakuwa imetushinda sote.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.