Vitambaa vya kudarizi: Urithi wa akina mama unaotishiwa na maji Kinindo

Katika sebule za Kinindo, kusini mwa jiji la Bujumbura, si jambo geni kuona kitambaa cha meza kilichodariziwa maua, au vitambaa vya makochi vilivyofumwa kwa uzi mweupe. Mgeni huviona kuwa mapambo tu. Kwa wenye nyumba, huenda ni kazi ya mikono ya bibi aliyekwisha kufariki, na pengine ndicho kitu pekee chake kilichosalia.

Vitambaa hivyo havina bei kubwa sokoni. Hata hivyo, huwa miongoni mwa vitu ambavyo familia hazikubali kuvitupa, na pia miongoni mwa vile vinavyoharibika upesi zaidi Ziwa Tanganyika linapofurika.

Ufundi huu ulitoka wapi?

Nchini Burundi, kazi ya mikono ya wanawake yenye historia ndefu ni ususi wa vikapu. Sindano ya kudarizi ilienea baadaye, kupitia shule za misheni na vituo vya kijamii vya utawala wa Kibelgiji.

Mwanahistoria Nancy Rose Hunt, katika makala aliyoichapisha mwaka 1990, alichunguza kituo kimoja cha aina hiyo mjini Usumbura, kama Bujumbura ilivyoitwa enzi hizo, kati ya mwaka 1946 na 1960. Wanawake walifundishwa kushona, kufuma na kutunza nyumba. Watawala walikusudia kumlea mke wa mjini kwa mfano wa Ulaya. Lakini ujuzi ukishaingia mikononi humtii mwenye mikono: kilichofundishwa darasani kilihamia barazani, mama akamfundisha binti yake.

Pwani ya Afrika Mashariki ina mila yake kongwe zaidi. Kofia za kutoboa za Lamu na Zanzibar huchorwa ruwaza, kisha hutobolewa vitundu vidogo vinavyozungushiwa uzi kimoja baada ya kingine. Kofia moja nzuri huweza kuchukua miezi.

Kwa nini vitambaa hupewa uzito mkubwa?

Sababu ya kwanza ni ya mirathi. Kwa desturi za Burundi, ardhi hupita kwa watoto wa kiume, na rasimu ya sheria ya mirathi imejadiliwa kwa miaka mingi bila kupitishwa. Kitambaa, kinyume cha shamba, ni mali ambayo mama anaweza kumkabidhi binti yake bila kuomba idhini ya ukoo.

Sababu ya pili ni safari za kulazimishwa. Warundi walikimbia makwao mwaka 1972, mwaka 1993, na tena kuanzia mwaka 2015, ambapo zaidi ya watu 300,000 walivuka mipaka. Kabati halibebeki. Shuka lililodariziwa hukunjwa na kutiwa ndani ya mfuko, na likifika ugenini huwa pia blanketi.

Tishio la ziwa

Kinindo imo kwenye tambarare inayopakana na ziwa. Mwaka 2021, na tena mwaka 2024, maji ya Ziwa Tanganyika yalipanda na kuvamia makazi ya ufukweni. Mwezi Aprili 2024, serikali ya Burundi na Umoja wa Mataifa ziliomba msaada wa kimataifa baada ya mvua na mafuriko kuwaathiri zaidi ya watu 200,000 nchini humo.

Hata pale ambapo maji hayakuingia ndani, unyevu hufanya kazi yake kimyakimya. Unyevu wa hewa ukizidi asilimia 65 kwa muda mrefu, kuvu huota juu ya pamba. Pini zilizosahaulika huacha madoa ya kutu, na wanga uliotumika kunyoosha kitambaa huwavutia wadudu.

Vinatunzwaje?

Kitambaa kilicholowa maji ya mafuriko kisiachwe kikaukie na matope. Kisuuzwe kwa maji safi kikiwa kimetandazwa, kwa kuwa uzito wa maji hukata nyuzi zilizozeeka kikiinuliwa kwa ncha. Kuvu huweza kuanza ndani ya saa 48. Asiyeweza kukifua mapema anaweza kukifunga ndani ya mfuko na kukigandisha kwenye friza, ambako kuvu husimama.

Kabla ya kufua, uzi wa rangi hujaribiwa kwa kuugusa na pamba nyeupe iliyolowa. Ikiwa rangi itahamia kwenye pamba, kitambaa kisitiwe majini. Dawa za kung'arisha ziepukwe, kikaushwe kivulini, na pasi ipigwe upande wa nyuma juu ya taulo.

Kwa kuhifadhi, ni bora kukiviringisha kuliko kukikunja, kwa sababu nyuzi hukatika kwenye mikunjo. Kisitiwe wanga. Kifungwe ndani ya shuka safi la pamba, si plastiki inayofungia unyevu, kiwekwe mbali na jua na pasipogusa sakafu, kisha kitolewe mara kwa mara kipigwe na hewa.

Jambo la mwisho halihitaji sabuni wala sanduku. Jina la aliyekidarizi, mahali na mwaka huandikwa kwenye karatasi na kuwekwa pamoja na kitambaa. Doa huweza kuondolewa hata baada ya miaka. Jina likishasahaulika, wajukuu hubaki na ua zuri wasilojua lilitoka mkononi mwa nani.