Mazoezi ni ya Nguvu, Si ya Kukonda Tu: Tuyatunze Magoti Yetu



Tunapotembelea vikundi vya kina mama hapa Dandora, lalamiko moja halikosi. Walianza kutembea asubuhi, wakatembea mwezi mzima, wakapanda mizani wakakuta kilo ni zile zile. Basi wakaacha.

Tunaona wameacha mapema. Mwili unaofanya mazoezi hufaidika hata usipopungua. Presha hushuka kidogo, sukari hutulia, usingizi huja, na miguu hupata nguvu ya kumzuia mtu asianguke. Tena tuseme ukweli: mitaani kwetu mtu akikonda, majirani huanza kunong'ona kwamba anaumwa. Kwa nini basi kilo ziwe ndizo kipimo? Kipimo chetu kiwe hiki: je, unaweza kuinuka kwenye kiti bila kujishika? Unaweza kupanda ngazi na mzigo wako?

Ngazi si jambo dogo hapa. Dandora ilianza katika miaka ya 1970 kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Viwanja karibu 6,000 vilipimwa, na watu wakajijengea vyumba pole pole, wengine kupitia vikundi vya ujenzi vilivyokuwa na kina mama wengi. Waliobeba mawe na mchanga wakati ule ni kina shosho leo, na nyumba nyingi za chini zimegeuka magorofa yasiyo na lifti. Shosho wa gorofa ya nne ambaye goti limemkataa hafiki kliniki, hafiki kwenye chama, hafiki kanisani. Anabaki na dirisha.

Wengi huambiwa kwamba goti likiuma wakae wasilisumbue, na wanunue vidonge vya maumivu. Kukaa siku moja mbili si vibaya. Kukaa miezi ndiko kunakoharibu. Ndani ya kiungo, ncha za mifupa zimefunikwa na gegedu, kitu laini kisicho na mishipa ya damu. Gegedu hulishwa na majimaji ya kiungo, na hayo huingia pale inapominywa na kuachiliwa, kama sponji. Usipotembea, hailishwi vizuri. Misuli ya paja nayo hulegea, na ndiyo inayosaidia goti kubeba uzito. Vidonge vile vikimezwa kila siku bila daktari huweza kutoboa tumbo na kuumiza figo.

Hatusemi kwamba uzito hauna neno. Kwenye tambarare goti hubeba mara mbili hadi tatu ya uzito wako, na kwenye kushuka ngazi zaidi ya mara tatu, kwa hiyo anayepungua hupata nafuu. Lakini asingoje kupungua ndipo aanze.

Aanzeje? Keti kwenye benchi imara, inuka bila kutumia mikono, keti tena pole pole. Fanya mara nane, pumzika, rudia. Anayeshindwa aweke mto juu ya benchi ili isiwe chini sana. Kisha ukiwa umeketi nyoosha mguu mmoja mbele, hesabu hadi tano, ushushe. Shika ukuta uinuke kwa ncha za vidole. Hayo yanatosha siku mbili tatu kwa wiki. Siku nyingine tembea kwa mwendo wa kukufanya uhema kidogo lakini bado uweze kuongea. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2020, linataka dakika 150 hadi 300 kwa wiki. Zigawe upendavyo, hata dakika kumi kumi.

Kuruka ruka kwenye saruji waachieni vijana. Viatu viwe raba zenye soli nene. Gikomba zipo za mitumba, lakini zikunje kwanza uone kama soli bado ina uhai. Patipati ni za bafuni. Maji ya mtungi wa lita 20 yagawe katika mitungi miwili midogo, mmoja kila mkono. Kwenye ngazi, panda ukitanguliza mguu mzima, shuka ukitanguliza unaouma. Na siku moshi wa dampo umetanda, fanyeni mazoezi ndani.

Ng'ambo ya mto, kule Korogocho, kina shosho wamekuwa wakijifunza kurusha ngumi na mateke ili wajikinge na wabakaji. Hawakwenda pale kutafuta kiuno chembamba.

Maumivu kidogo wakati wa mazoezi si hatari. Yakiwa yamezidi kesho yake, punguza nusu, usiache. Lakini goti likivimba, likiwa moto, likikwama, au likikuamsha usiku, nenda kituo cha afya.

Kwa mazungumzo ya kikundi: Ni nani kati yetu ameacha kuja mikutanoni kwa sababu ya miguu? Tunaweza kukutana kwake, au kwenye uwanja ulio karibu naye, na kufanya mazoezi dakika kumi kabla ya kuhesabu michango?