Kigingi kidogo kinachozuia ajali ya reli, hata juu ya meza

Wapenzi wa reli za mfano nchini Ujerumani huchomeka vigingi vyenye rangi nyeupe na nyekundu pale njia mbili zinapokutana. Kazi yake ni kuonyesha mahali ambapo behewa linaweza kusimama bila ya kugongwa. Hata hivyo, mahali pa kukichomeka kigingi hicho hapapatikani kwa kunakili tu kipimo cha reli kubwa.

Katika stesheni za treni nchini Ujerumani, pale njia mbili za reli zinapokaribia kuungana, huonekana kigingi kifupi cha rangi nyeupe na nyekundu kilichosimikwa katikati yake. Hakina taa wala maandishi. Abiria wengi hukipita bila ya kukitazama mara mbili. Lakini katika kitabu cha ishara za reli cha nchi hiyo kigingi hicho kina jina na namba yake: ni alama ya mpaka, Ra 12. Maana yake ni kwamba gari la reli lililosimama kwenye njia moja halina ruhusa ya kuvuka hapo, la sivyo litaiziba njia ya pili.

Sababu yake ni rahisi kueleweka. Behewa ni pana kuliko nafasi iliyo kati ya reli mbili linazozikanyaga. Katika sehemu kubwa ya Ulaya reli hizo zimeachana kwa milimita 1,435, ilhali behewa la abiria lina upana wa karibu mita 2.8. Kwa hiyo, karibu na pointi, yaani pale njia moja inapogawanyika kuwa mbili, pana kipande ambacho kwa macho kina njia mbili, lakini kwa treni bado ni njia moja. Nchini Ujerumani alama ya mpaka huwekwa mahali ambapo umbali kutoka katikati ya njia moja hadi katikati ya njia ya pili umefikia mita 3.5.

Kuvuka mpaka wa aina hiyo si jambo dogo. Tarehe 27 Juni mwaka 1928, katika stesheni ya Darlington, kaskazini mwa Uingereza, treni ya vifurushi ilipita ishara ya kuizuia na kusimama ikiwa imeingia kwenye njia ya treni nyingine. Treni ya abiria iliyokuwa ikirejea kutoka matembezini iliigonga, na watu 25 wakapoteza maisha yao.

Sheria hiyo yaingia mezani

Reli za mfano zina historia ndefu nchini Ujerumani. Kampuni ya Märklin, yenye makao yake katika mji wa Göppingen, ilianzishwa mwaka 1859. Mjini Hamburg, maonyesho ya Miniatur Wunderland, yaliyofunguliwa mwaka 2001, huwavutia wageni kutoka pembe zote za dunia. Kipimo kinachotumika humo ni kile kinachopendwa zaidi majumbani, yaani H0, ambapo kila kitu kimepunguzwa mara 87. Reli mbili za njia moja huachana kwa milimita 16.5.

Juu ya meza hakuna roho inayopotea. Lakini behewa lililoachwa karibu mno na pointi hukwaruzwa ubavuni, huangushwa kutoka relini, na pengine huporomoka hadi sakafuni. Kazi ya miezi kadhaa ya kupaka rangi na kubandika vipuri vidogo huharibika kwa sekunde moja. Tena, mwendeshaji huwa amesimama mbali, akitazama kwa mshazari, na kwa pembe hiyo jicho hudanganya. Ndiyo maana kigingi kinahitajika.

Hesabu ya reli kubwa haitoshi

Fundi anayeanza huchukua zile mita 3.5, akazigawa kwa 87, na kupata milimita 40. Kisha huchomeka kigingi pale njia mbili zinapoachana kwa kiasi hicho. Kwenye njia zilizonyooka hesabu hiyo ni sahihi: mabehewa mawili yatapishana na kubakiwa na nafasi ya milimita 8 hivi.

Tatizo liko kwenye kona. Behewa la abiria la safari ndefu nchini Ujerumani lina urefu wa mita 26.4, ambao katika kipimo cha H0 ni milimita 303. Hubebwa na vikundi viwili vya magurudumu, kimoja mbele na kimoja nyuma, vilivyoachana kwa mita 19, sawa na milimita 218 katika mfano. Behewa halipindi. Likiingia kwenye kona, tumbo lake huegemea ndani na ncha zake hutokeza nje.

Katika reli ya kweli kona ni pana, na mabehewa ya aina hiyo hutengenezwa kwa kona zenye nusukipenyo kisichopungua mita 150 hivi. Juu ya meza nafasi ni haba. Kona ya milimita 360, ambayo ni ya kawaida majumbani, ingekuwa na nusukipenyo cha mita 31 tu katika ukubwa wa kweli. Kwenye kona hiyo tumbo la behewa refu huegemea ndani kwa takriban milimita 17, na ncha zake hutokeza nje kwa milimita 15 hivi. Zile milimita 8 zilizosalia humezwa zote, na mabehewa hugongana ingawa kigingi kimewekwa kwa hesabu isiyo na kosa.

Umoja wa vyama vya wapenzi wa reli za mfano barani Ulaya, MOROP, ulioundwa mwaka 1954, umetoa viwango viitwavyo NEM, na kimojawapo, NEM 103, kinahusu nafasi inayotakiwa kuachwa wazi kwenye kona. Viwango hivyo ni mwongozo mwema, lakini kipimo cha mwisho ni behewa lenyewe.

Jinsi ya kupima na kutengeneza

Behewa refu kuliko yote huwekwa kwenye njia ya kwanza, karibu na pointi. Behewa jingine refu husukumwa polepole kwa mkono kwenye njia ya pili. La kwanza hurudishwa nyuma kidogo kidogo, mpaka ukanda wa kadi wenye unene wa milimita 2 upite kati yake katika safari nzima ya lile la pili, si kwenye ncha tu bali na tumboni pia. Hapo ncha ya behewa la kwanza hutiwa alama kwa kalamu ya risasi. Kisha mabehewa hubadilishana njia na zoezi hurudiwa. Alama iliyo mbali zaidi na pointi ndiyo inayofuatwa.

Kigingi chenyewe ni kazi ya dakika chache. Kijiti cha kuchokolea meno chenye unene wa milimita 2 kinafaa, kwani katika H0 ni sawa na nguzo ya sentimita 17. Hulainishwa kwa msasa, hupakwa rangi nyeupe, na ikishakauka huongezwa nyekundu. Tundu hutobolewa katikati ya njia mbili, na kijiti hutiwa gundi na kuzamishwa mpaka kibaki kifupi, chini ya ngazi na vipuri vinavyoning'inia ubavuni mwa mabehewa. Mahali penye nafasi finyu mno, wengine huiga desturi ya Marekani ya kutia rangi ya manjano kwenye reli au taruma. Rangi haigongwi na kitu.

Wanaotumia umeme kutambua kama njia ina treni wana jambo moja zaidi la kuzingatia. Mtambo huhisi magurudumu, si ncha ya behewa, na ncha hiyo hutangulia gurudumu la mwisho kwa karibu milimita 28. Kwa hiyo, mkato wa umeme kwenye reli huwekwa nyuma ya kigingi kwa umbali huo au zaidi, mbali na pointi.

Kipimo cha njia moja hakihamishiwi kwenye nyingine. Anayetaka kuunda mfano wa reli ya Tanga, ambayo Wajerumani walianza kuijenga mwaka 1893 na kuifikisha Moshi mwaka 1911, atakuwa na reli zenye upana wa mita moja. Katika kipimo cha 1:87 hutumika njia ya milimita 12, na mabehewa yake ni mengine kabisa. Vivyo hivyo kwa aliyenunua behewa refu kuliko yale aliyopimia mwanzo: vigingi vyake vyote vinahitaji kukaguliwa upya kabla ya treni ya kwanza kuondoka.