Kizunguzungu Kinapojieleza Machoni

Mtu akishikwa na kizunguzungu ghafla, nyumba nzima ina jibu: presha, malaria, au amekaa na njaa. Mara nyingi huwa kweli. Lakini kipo kizunguzungu kisichokoma saa baada ya saa, cha kutapika na kushindwa kusimama bila kushikiliwa, na humo kiharusi cha ubongo wa nyuma huweza kujificha. Mdomo haujapinda, mkono haujalegea.

Mwaka 2009 Jorge Kattah wa Peoria, Illinois, David Newman-Toker wa Johns Hopkins na wenzao walichapisha utafiti wa wagonjwa 101 wa aina hiyo. MRI ya mwanzo ilikosa asilimia 12 ya viharusi; uchunguzi wa macho, uliofanywa kitandani na bingwa, haukukosa hata kimoja.

Kwanza hutazamwa mboni zinavyochezacheza. Tatizo likiwa la sikio la ndani, hukimbilia upande uleule daima. Zikigeuza mwelekeo mgonjwa anapotazama kushoto na kulia, au zikiruka juu na chini, shaka huhamia kwenye ubongo. Kisha daktari huziba jicho moja, halafu la pili. Likifunuliwa likashuka au kupanda kujiweka sawa, hiyo nayo ni dalili mbaya.

Kipimo cha tatu, kilichoelezwa na Halmagyi na Curthoys wa Sydney mwaka 1988, ndicho kinachoshangaza. Mgonjwa anakazia macho pua ya daktari, naye daktari anamgeuza kichwa kidogo kwa ghafla. Neva ya sikio ikiwa imeathirika, macho huenda na kichwa, kisha huruka kurudi puani. Kwenye kiharusi, kwa kawaida hubaki palepale puani, kama ya mtu mzima wa afya. Yaani kwa mgonjwa ambaye dunia bado inamzunguka, jibu zuri ndilo la kuogopwa. (Msijaribu nyumbani, shingo si ya kuchezea. Wala hakimhusu anayezungukwa kwa sekunde chache akigeuka kitandani.)

CT scan, tuliyoizoea zaidi hospitalini kwetu, huonyesha vizuri damu iliyovuja, ila mshipa ulioziba karibuni huko nyuma huipita mara nyingi. Picha ikirudi safi na mgonjwa bado hawezi kuketi bila kuegemea, ndugu waulize kama kuna aliyemchunguza macho, na wataje saa kizunguzungu kilipoanza: dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 4 na nusu.