Arobaini ya mzazi: Bibi yuko sahihi wapi, na wapi asikilizwe nesi

Saa kumi na mbili asubuhi, chumba kimoja cha Mbagala, Dar es Salaam, kimejaa mvuke. Beseni la maji yaliyotoka jikoni sasa hivi liko sakafuni, taulo limelowekwa humo, na bibi aliyewasili juzi kwa basi la Tanga anamwita mkwewe alale chali akandwe. Mkwewe yuko siku ya sita tangu ajifungue mtoto wake wa kwanza. Alijifungua kwa upasuaji.

"Mama, nesi alisema huku kwenye mshono pasiguswe," anasema kwa sauti ya chini.

"Mwanangu, mimi nimezaa saba. Damu chafu ikibaki tumboni itakuja kukutesa."

Mume amesimama mlangoni. Mmoja ni mama yake, mwingine ni mkewe, na yeye anajifanya anasoma ujumbe kwenye simu.

Mabishano ya namna hii yapo katika nyumba nyingi zenye mtoto mchanga. Kina mama wa leo wamehudhuria kliniki na wana majibu ya kila kitu kwenye simu zao. Bibi naye anakuja na mfuko wa pilipili manga, kanga kuukuu za kufungia tumbo na utaratibu aliofanyiwa yeye na mama yake. Rahisi kusema yote hayo ni ya kizamani. Ukiyachambua moja moja, hadithi inakuwa nyingine.

Anza na siku zenyewe. Kwa mila za Pwani na za jamii nyingine nyingi, mzazi hukaa ndani siku 40, hapiki, hafui, habebi ndoo. Hospitalini, kipindi cha uangalizi baada ya kujifungua huhesabiwa wiki sita, yaani siku 42. Tofauti ni siku mbili tu, na sababu iko mwilini: mfuko wa uzazi huchukua takriban wiki sita kurudi ulivyokuwa, na damu ya uzazi kwa wengi hukoma ndani ya muda huohuo. Waliopanga arobaini hawakuwa na mashine ya kupimia tumbo. Walimtazama mwanamke.

Na walijua mwanamke huyo hatapumzika mwenyewe, ndiyo maana waliweka mtu wa kumpumzisha. Hata mahari ya Kiswahili ina mkaja, zawadi ya mama wa bibi harusi, yenye jina la ile nguo aliyojifunga tumboni alipomzaa binti. Anakumbukwa siku ya ndoa kwa kazi ya miaka ishirini na kitu nyuma.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama aliyeajiriwa likizo ya uzazi ya siku 84, au 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Baba hupata siku tatu. Lakini mama anayeuza mboga sokoni hana mwajiri wa kumpa likizo, na wengi huonekana kibandani wiki ya pili, mtoto akiwa kwenye boksi chini ya meza. Kwa mama huyo, bibi wa kutoka Tanga ndiye likizo yenyewe. Huenda hiki ndicho kitu cha zamani ambacho mji umekipoteza kwa hasara kubwa zaidi: kuwa na mtu mzima mwingine ndani ya nyumba saa nane usiku, mtoto analia na mama naye analia. Huzuni inayowapata baadhi ya wanawake baada ya kujifungua ni ugonjwa unaotibika, na mara nyingi wa kwanza kuuona ni anayelala naye chumba kimoja.

Chakula nacho hakina ugomvi mkubwa. Uji wa pilipili manga, supu, mtori wa Wachaga: anayenyonyesha anahitaji takriban kalori 500 zaidi kwa siku, pamoja na maji ya kutosha. Shida huja pale bibi anapomkataza mayai, maharage au matunda. Hapo mwenye kunyonyesha ananyimwa kile anachokihitaji.

Kukandwa kunahitaji maelezo zaidi. Mfuko wa uzazi hujikaza wenyewe, na kila mtoto anaponyonya, mwili hutoa homoni inayousaidia kubana. Ndiyo maana mama husikia tumbo likimkata wakati wa kunyonyesha. Taulo la moto haliendi kutoa damu ndani. Linaweza kumuunguza ngozi, na aliyepasuliwa likamlowesha kidonda na kufungua mshono. Lakini maji ya uvuguvugu mgongoni, miguuni na mabegani yanapunguza uchovu, na hakuna nesi atakayeyapinga. Mkaja usibane hadi mama ashindwe kupumua vizuri, wala usikandamize kidonda.

Kitovu cha mtoto hakina nafasi ya maelewano. Majivu, udongo, mate, mavi ya ng'ombe, vyote ni hapana. Vimelea vya pepopunda huishi kwenye udongo na kinyesi cha wanyama. Kitovu kiachwe kisafi na kikavu, nepi ikunjwe chini yake, na dawa ipakwe ile tu iliyotolewa na mhudumu wa afya. Wapo wanaohofia kwamba kikimdondokea mtoto wa kiume sehemu za siri atakuja kuwa hanithi. Hakina uwezo huo. Maji ya kunywa, ya sukari au ya dawa ya chango navyo vingoje: miezi sita ya mwanzo ni maziwa ya mama peke yake, yakiwemo yale ya kwanza ya njano.

Kisha kuna linalonong'onwa: kubemenda. Wazazi wakikutana mapema, au mmoja akitoka nje ya ndoa, mtoto atadhoofu. Ndani ya imani hiyo kuna hesabu ya maana, kwani mimba ikiingia haraka mtoto hunyang'anywa ziwa. Shirika la Afya Duniani linashauri ipite angalau miezi 24 baada ya kujifungua kabla ya mimba nyingine. Siku hizi kazi hiyo inafanywa na uzazi wa mpango. Kilichobaki kwenye neno hilo ni aibu, na aibu inaua: mtoto akikonda, mama anaogopa kumpeleka kliniki asije akasemwa, wakati mtoto ana utapiamlo, kifua kikuu au ugonjwa mwingine wenye dawa.

Hofu hiyohiyo ya kutoka nje ndiyo nusura imgharimu yule mama wa Mbagala. Siku ya nane alipata homa, na kidonda kikaanza kutoa harufu. Bibi alisema mzazi hapandi daladala kabla ya arobaini. Mume safari hii aliweka simu mfukoni. "Mama, twende wote," alimwambia, "wewe utambeba mjukuu."

Ilikuwa maambukizi kwenye mshono, yakatibiwa. Homa, harufu mbaya, damu inayolowesha pedi ndani ya saa moja, kichwa kuuma sana na macho kuona ukungu, mguu mmoja kuvimba na kuuma: hakuna hata moja la kusubiri kesho. Kwa mtoto ni kukataa kunyonya, mwili kuwa wa moto au wa baridi, kupumua haraka, kitovu kuwa chekundu au viganja kuwa vya njano.

Tangu siku hiyo beseni lilihamia miguuni, maji yakiwa ya uvuguvugu. Uji wa pilipili manga uliendelea kama kawaida. Arobaini ilipotimia mtoto alinyolewa nywele, na siku mbili baadaye walikuwa kliniki tena, kwa chanjo za wiki ya sita na kipimo cha mama. Kadi ilikuwa mkononi mwa bibi, na nesi alipouliza nani anamwangalia mzazi nyumbani, alijibu yeye kabla mkwewe hajafungua mdomo.